AES ni moja, maktaba ni nyingi: zipi zinapatana, na uchague ipi

Upande mmoja PHP, upande wa pili Java. Wote wawili wanaapa wanatumia AES-256-CBC (AES ni mbinu ya kusimba data kwa ufunguo wa siri, 256 ni biti za ufunguo, CBC ni modi) kwa ufunguo uleule, lakini Java inarudisha `BadPaddingException`, kosa la kujazia, kila ikijaribu kufungua. Kabla hamjaanza kulaumiana, fahamuni kwamba hesabu yenyewe ya AES haijakosewa na yeyote. Kiwango cha FIPS 197 kilitolewa na NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2001, kikitokana na Rijndael ya Wabelgiji wawili, Joan Daemen na Vincent Rijmen. Ukiipa maktaba yoyote inayoheshimika ufunguo na bloku ya baiti 16, itakutolea baiti zilezile 16 ambazo nyingine zote hutoa. Zinaachana kwenye mambo yanayozunguka hesabu hiyo: modi ipi (namna bloku zinavyosimbwa moja baada ya nyingine), mwisho wa ujumbe unajaziwaje ili bloku itimie, nywila inageuzwaje kuwa ufunguo, IV (baiti za kuanzia) inakaa wapi, na matokeo yanatoka kama baiti au kama base64 (baiti zilizoandikwa kwa herufi).

Hapa nazilinganisha kwa swali moja: usipotaja kitu, au ukitaja kisichofaa, maktaba inakataa au inakuamulia kimyakimya? Kwangu inayokataa ndiyo rahisi kuoanisha na wengine, hata kama siku ya kwanza itakukera. Kwenye jedwali, ECB, CBC na GCM ni modi, PKCS7 na PKCS5 ni namna ya kujazia, na tagi ni baiti za ukaguzi ambazo GCM huongeza.

| Maktaba | Usipotaja modi | Kujazia mwisho (CBC) | Ufunguo wa urefu usiofaa | Tagi ya GCM |
|---|---|---|---|---|
| PHP `openssl_encrypt` | lazima uitaje | PKCS7 yenyewe | hujaza sifuri au hukata | kando |
| Java (SunJCE) | ECB | PKCS5Padding | hukataa | mwishoni mwa data |
| Node.js `crypto` | lazima uitaje | PKCS7 yenyewe | hukataa | kando |
| Web Crypto (kivinjari) | lazima uitaje | PKCS7, haizimiki | hukataa | mwishoni mwa data |
| CryptoJS | CBC | PKCS7 | stringi huhesabiwa ni nywila | haina GCM |
| PyCryptodome | lazima uitaje | hakuna, ujaze mwenyewe | hukataa | kando |
| Python `cryptography` | lazima uitaje | hakuna, ujaze mwenyewe | hukataa | mwishoni (`AESGCM`) |
| Go | lazima uichague | hakuna, ujaze mwenyewe | hukataa | mwishoni mwa data |
| .NET `Aes` | CBC | PKCS7 | hukataa | kando (`AesGcm`) |

Ufunguo: pale wengi wanapokwama

Chukua ufunguo huu, umeandikwa kwa heksi: `2b7e151628aed2a6abf7158809cf4f3c`. Ukiusimbua heksi unapata baiti 16, yaani AES-128. Ukiuchukua kama maandishi una herufi 32, yaani baiti 32, yaani AES-256. Sasa mtu wa Node anaandika `Buffer.from(k, 'hex')` na kutumia `aes-128-cbc`, yuko sahihi. Mtu wa Java anaandika `k.getBytes()` na kuupa `SecretKeySpec`. Java haina pa kulalamika, kwa sababu jina `AES/CBC/PKCS5Padding` halitaji biti za ufunguo. Inahesabu baiti 32 na kufanya AES-256. Mtu wa PHP anaipa `openssl_encrypt` stringi hiyohiyo pamoja na `aes-128-cbc`, nayo inachukua herufi 16 za mwanzo, `2b7e151628aed2a6`, na kutupa zilizobaki. Stringi moja, funguo tatu tofauti, hakuna aliyeonyeshwa kosa lolote.

PHP ndiyo ya kuangaliwa zaidi hapa. Ufunguo ukiwa mfupi hujaziwa baiti za sifuri, ukiwa mrefu hukatwa, na huambiwi. Kimya kingi kina mshindo: mfumo utafanya kazi miaka, PHP ikiongea na PHP, hadi siku mshirika wa Go au Node atakapopewa ufunguo wa herufi 20 na maktaba yake ikamkatalia. Wakati huo inabidi umweleze aongeze baiti 12 za sifuri mwishoni ili afike 32, na atakuangalia vibaya, kwa haki kabisa. Kwa mfumo mpya wa PHP tia bendera ya `OPENSSL_DONT_ZERO_PAD_KEY`, na upime mwenyewe urefu kwa `strlen` kabla ya kuita fanksheni.

MySQL ina tabia yake ya pekee. `AES_ENCRYPT` isipoelekezwa vingine hutumia AES-128 kwa ECB, na ufunguo mrefu kuliko baiti 16 haukatwi: unakunjwa. Baiti ya 17 inafanyiwa XOR (biti zinazotofautiana hutoa 1, zinazofanana 0) na ya kwanza, ya 18 na ya pili, na kuendelea. Ukitaka kusoma safu hiyo kwa Python au Java, andika mkunjo huo mwenyewe, ni mistari mitatu minne tu. Kuna watu wamehangaika wakijaribu hashi za MD5, SHA-1 na kila kitu kingine, kumbe jibu ni XOR.

Nywila si ufunguo, na CryptoJS haikuambii

`CryptoJS.AES.encrypt("habari", "siri yangu")` inaonekana kama inapokea ufunguo. Haipokei. Stringi ya pili inachukuliwa kuwa nywila. Inachanganywa na chumvi, yaani baiti 8 za kubahatisha, kupitia MD5, kwa namna ileile ya zamani ya OpenSSL, na kutoka humo unazaliwa ufunguo wa baiti 32 pamoja na IV. Matokeo yake hutambulika kwa macho: base64 inayoanza na `U2FsdGVkX1` ni neno `Salted__` na chumvi ikifuatia. Ukiona mwanzo huo, acha kumuuliza mwenzako IV iko wapi. Haipo, inakokotolewa.

Kwenye terminali unaifungua hivi:

`openssl enc -d -aes-256-cbc -md md5 -base64 -A`

Hiyo `-md md5` ni ya lazima. OpenSSL ilibadilisha chaguo-msingi lake kutoka MD5 kwenda SHA-256 ilipofika toleo la 1.1.0, mwaka 2016, ndiyo maana faili lililofungwa kwenye seva ya zamani hutoa `bad decrypt` kwenye seva mpya hata nywila ikiwa sahihi. Toleo la 1.1.1 likaongeza `-pbkdf2`, njia ya kugeuza nywila kuwa ufunguo kwa kurudia hashi mara nyingi, yenye mizunguko 10,000 usipotaja idadi. Pande zote mbili lazima zitaje vitu vitatu: hashi ipi, mizunguko mingapi, chumvi ipi. Kusema tu "tunatumia PBKDF2" hakumsaidii mtu.

Ukilazimika kubaki na CryptoJS, geuza ufunguo kwa `CryptoJS.enc.Hex.parse(...)` na umpe `iv` waziwazi, hapo inaacha mambo ya chumvi na inapatana na Java au PHP bila tabu. Lakini maendeleo ya CryptoJS yameshasitishwa, na haina GCM. Kwa kazi mpya ndani ya kivinjari tumia Web Crypto. Inataka HTTPS, haina ECB kabisa, na hairuhusu kuzima PKCS7. Kwa mfumo mpya hayo ni mema matupu. Kwa kuoanisha na kitu cha kale, hilo la mwisho linaweza kukufungia njia.

Node nayo ilikuwa na mtego wa aina hii: `createCipher`, bila `iv` mwishoni mwa jina, ilipokea nywila na kuipitisha kwenye MD5 bila hata chumvi. Imeondolewa kwenye Node 22. Ukikuta msimbo wa zamani unaoitumia, kokotoa ufunguo na IV kwa njia ileile ya MD5 kisha uhamie `createCipheriv`.

Kujazia: hesabu baiti kabla ya kubishana

Ujumbe `MALIPO YA KARO 1` una baiti 16 kamili. Ukiusimba kwa CBC ukapata baiti 32, upande huo umetumia PKCS7: bloku nzima imeongezwa, baiti 16 zenye thamani 16. Ukipata 16, upande huo haujajaza, au umejaza kwa sifuri kwa mtindo wa mcrypt (maktaba ya zamani ya PHP), ambao haugusi ujumbe uliotimia. Jaribio hili la nusu dakika linamaliza ubishi ambao barua pepe kumi hazijaumaliza.

Java inaita `PKCS5Padding` kile ambacho wengine wote wanaita PKCS7. Kwa AES ni kitu kilekile, usitafute tofauti. Linalopotosha kweli ni `OPENSSL_ZERO_PADDING` ya PHP: haijazi sifuri, inazima kujazia. Ukisimba nayo, urefu wa data lazima ugawanyike kwa 16, la sivyo unarudishiwa `false`. Matumizi yake halali ni kusoma data ya mcrypt, ambayo ndiyo iliyokuwa ikijaza kwa sifuri:

```
$wazi = openssl_decrypt($baiti, 'aes-256-cbc', $ufunguo,
        OPENSSL_RAW_DATA | OPENSSL_ZERO_PADDING, $iv);
$wazi = rtrim($wazi, "\0");
```

Bila `OPENSSL_RAW_DATA` PHP inadhani unaipa base64, hilo nalo limewapotezea watu jioni nyingi. Na kama data yenyewe ni picha au faili la zip, `rtrim` inaweza kula baiti halali za mwisho. Hapo utahitaji urefu asilia uliohifadhiwa mahali pengine.

Tukiwa bado kwa mcrypt: `MCRYPT_RIJNDAEL_256` si AES-256. Namba hiyo ni ukubwa wa bloku, baiti 32, na AES inakubali bloku ya baiti 16 tu. OpenSSL, Node, Go na Web Crypto haziwezi kuifungua hata uzipe nini. Zinazoweza ni phpseclib, ukitumia darasa la `Rijndael` na `setBlockLength(256)`, na Bouncy Castle kwa Java kupitia `RijndaelEngine(256)`. `RijndaelManaged` ya .NET Framework ya zamani inaiweza pia, lakini .NET Core ilibakiza bloku ya biti 128 pekee. AES-256 halisi kwenye mcrypt ilikuwa `MCRYPT_RIJNDAEL_128` na ufunguo wa baiti 32. Mcrypt iliondolewa kwenye PHP 7.2 mwaka 2017, lakini data iliyofungwa nayo bado imelala kwenye hifadhidata nyingi, na kuihamisha ni kazi ya mara moja: fungua kwa phpseclib, funga upya kwa GCM, futa ya zamani.

Modi ambazo zina jina moja na maana mbili

CBC haina utata, alhamdulillahi. CFB inao. PyCryptodome na .NET huanza na CFB ya biti 8, wakati `aes-256-cfb` ya OpenSSL, na kwa hiyo ya PHP na Node, ni ya biti 128. Dalili yake ni ya ajabu kidogo: herufi ya kwanza ya ujumbe inatoka sahihi na zinazofuata ni uchafu mtupu. Ukiliona hilo, weka `segment_size=128` kwenye Python, au badilisha upande wa pili uwe `aes-256-cfb8`.

CTR: OpenSSL, Java na Go huchukua baiti 16 zote kama kihesabu cha kuanzia. PyCryptodome huzigawa, baiti 8 nonsi (thamani ya kutumika mara moja tu) na 8 kihesabu. Kuipatanisha, andika `nonce=b''` na umpe IV yote kama `initial_value`.

ECB haina IV na ndiyo rahisi kuliko zote kuoanisha, ndiyo maana imeenea. Bloku mbili zinazofanana zinatoka zikifanana, kwa hiyo mishahara miwili sawa, au majibu mawili ya "NDIYO", inaonekana bila ufunguo. Java hukupa ECB ukiandika `Cipher.getInstance("AES")` na kuishia hapo. Andika jina zima daima.

GCM: ndiyo ya kuchagua, ila taja mambo matatu

Kama pande zote mbili mnazimiliki, msibishane kuhusu kujazia, GCM haijazi. Tena inakagua kama data imeguswa njiani, kitu ambacho CBC peke yake haifanyi. Mwaka 2002 Serge Vaudenay alionyesha kwamba seva inayofichua tu kama kujazia ni sahihi au si sahihi inatosha kumpa mshambuliaji ujumbe wote, bila kuwa na ufunguo. Ukibaki na CBC, weka HMAC (muhuri wa ukaguzi unaotengenezwa kwa ufunguo) juu yake, na uikague kabla ya kusimbua.

Mambo matatu ya kuandika kwenye makubaliano. Nonsi iwe baiti 12: `AesGcm` ya .NET haikubali nyingine, `NewGCM` ya Go nayo ni hivyo, lakini PyCryptodome ukiiachia ijitengenezee nonsi inatoa baiti 16. Tagi iwe baiti 16. Na mpangilio uwe nonsi, kisha data, kisha tagi. Java, Go, Web Crypto na `AESGCM` ya Python tayari zinabandika tagi mwishoni. PHP, Node, PyCryptodome na .NET zinakupa tagi kando, kwa hiyo unaiunganisha kwa mkono ukituma, na kukata baiti 16 za mwisho ukipokea. Kwenye PHP hakikisha mwenyewe kwamba tagi uliyopokea ina baiti 16, maana `openssl_decrypt` haikagui urefu wake na tagi iliyofupishwa inaweza kupita.

Nonsi isirudiwe kwa ufunguo mmoja. Hili si la kuoanisha, lakini kuna watu wanaoweka nonsi ya kudumu ili "majaribio yafanane" kisha inaenda hivyohivyo hadi kwa wateja. Kwenye GCM marudio hayo yanafichua uhusiano wa jumbe mbili na kumwezesha mtu kughushi tagi.

Laravel na Fernet: bahasha zilizokwisha fungwa

Mara nyingine husomi AES bali kifurushi cha mtu. Laravel, mfumo wa kuundia programu za PHP, hutoa base64 ya JSON yenye `iv`, `value` na `mac`. Ufunguo wa `APP_KEY` unaanza na `base64:`. Ondoa kiambishi hicho, simbua kilichobaki, upate baiti 32. `iv` na `value` nazo ni base64 kila moja. Ukishafungua kwa AES-256-CBC ukaona `s:6:"habari";` badala ya `habari`, hujakosea: `encrypt()` hupitisha thamani kwenye `serialize` ya PHP kwanza. Mwambie mwenzako atumie `encryptString()`.

Fernet, kifurushi cha maktaba ya `cryptography` ya Python, ina ufunguo wa baiti 32 lakini ni AES-128: nusu ya kwanza ni ya HMAC, ya pili ndiyo ya kusimba. Ukiwapa Java baiti zote 32, hamtaelewana.

Kusoma dalili

Kabla ya ujumbe wowote wa kweli, kila upande ufanye mfano uliomo kwenye FIPS 197. Kwa OpenSSL:

```
echo -n 00112233445566778899aabbccddeeff | xxd -r -p |
openssl enc -aes-128-ecb -nopad \
  -K 000102030405060708090a0b0c0d0e0f | xxd -p
```

Jibu ni `69c4e0d86a7b0430d8cdb78070b4c55a`. Maktaba yako ikitoa hilo, ufunguo unausoma sawasawa. Ikitoa hilo likifuatwa na baiti nyingine 16, kujazia kumewashwa. Ikitoa kingine kabisa, umeipa heksi kama maandishi.

Ukishafika kwenye CBC, zima kujazia kwa muda ili uone kinachotoka badala ya kosa tupu. Baiti 16 za mwanzo zikiwa uchafu na zilizobaki zikisomeka vizuri, IV hazifanani. Ujumbe wote ukiwepo lakini umetanguliwa na baiti 16 za uchafu, mwenzako ameibandika IV mbele ya data nawe unaisimbua kama bloku ya kwanza. Ikate, uitumie kama IV. Uchafu mtupu mwanzo hadi mwisho ni ufunguo. Kila kitu kikisomeka ila mwishoni pana alama za ajabu, hapo ni kujazia. Usitegemee kosa la kujazia kama kipimo cha ufunguo: ufunguo mbaya hupita ukaguzi wa PKCS7 kwa bahati takriban mara moja katika 256, kwa hiyo jaribio moja lililopita halithibitishi kitu.

Basi uchague ipi?

Mfumo mpya, pande zote zenu: GCM, na maktaba iliyokuja na lugha yenyewe. Kati ya Java na PHP hilo linatosha bila kuongeza kitu. Kwenye Python nachukua `cryptography` kuliko PyCryptodome, kwa sababu tagi yake inakaa pale Java na Go zinapoiweka.

Kama upande wa pili ni wa kale na hautabadilika, acha mapendeleo yako na utafute maktaba yenye kukunjika. Java na Bouncy Castle inajua karibu kila aina ya kujazia na bloku isiyo ya kawaida. Kwa PHP ni phpseclib. Go na Web Crypto nzuri, lakini si kwa kazi hii.

Kama hakuna wa kuoanisha naye na unataka tu data ifungwe, libsodium imo ndani ya PHP tangu 7.2 na inapatikana kwa lugha nyingine zote zilizotajwa hapa. Haikuulizi modi wala kujazia, na ufunguo wa urefu usiofaa inaukataa palepale.

3DES nayo, mbinu ya kusimba ya kabla ya AES, kwa wanaopokea bado mafaili ya mifumo ya zamani: NIST haikubali tena kusimba kwayo baada ya 2023. Kwa kusoma tu, jueni kwamba ufunguo wa baiti 16 kwenye `DESede` ya Java (ndilo jina lake la 3DES) lazima urefushwe hadi 24 kwa kurudia baiti 8 za mwanzo mwishoni, na kwenye OpenSSL ufunguo uliorefushwa hivyo unaingia `des-ede3-cbc` bila shida.